Mapaa ya Kariakoo Kabla ya Masika

Mgeni afikaye Dar es Salaam na kushuka Kariakoo hutazama mambo ya chini. Hutazama mfuko wake asije akaibiwa. Hutazama mikokoteni ipitayo kwa kishindo. Hutazama vitenge, sufuria, viatu na mabegi yaliyopangwa hata katikati ya njia. Ni nadra mtu kuinua uso. Nami mwezi wa Februari nilijipa kazi ya kuuzunguka mtaa ule kwa siku tatu, tangu Mnazi Mmoja hata Mtaa wa Msimbazi, nikitazama mapaa. Wako walionicheka, wakaulizana kama Mwalimu anatafuta njiwa. Sikuwajibu kwa urefu. Wakati wa jua hakuna alikumbukaye paa, na mvua ikiisha kufika hakuna awezaye kulipanda; basi siku za kulitazama ni zile zile ambazo mtu haoni haja.

Mvua za mji huu ni mbili. Masika huanza Machi, hupata nguvu Aprili, hukoma Mei. Na vuli huja katika miezi ya Oktoba hata Desemba. Kwa mwaka mzima hushuka maji ya kadiri ya milimeta 1,000 au kuzidi kidogo, lakini hayashuki kwa kugawanywa sawasawa. Siku moja ya Aprili yaweza kuleta milimeta 50 kati ya alfajiri na adhuhuri. Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa shule aiweza: milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la meta 10 kwa 15 hupokea siku hiyo lita 7,500. Tukizipima kwa debe la zamani la lita 18, ni zaidi ya madebe 400 yaliyomwagwa juu ya kichwa cha mwenye nyumba kabla hajala chakula cha mchana. Maji hayo yakipewa njia hupita, wala hapana aliyelala ndani atakayejua hesabu yake. Yakinyimwa njia, hata kwa upana wa kiganja, hurudi nyuma na kupanda.

Neno hilo la kurudi nyuma na kupanda ndilo nililotaka kuliona kwa macho, na Kariakoo laonekana vizuri kuliko mahali pengine popote nipajuapo.

Wengi wajua asili ya jina lenyewe. Kabla ya vita ya 1914 Wadachi walikwisha kupima viwanja vya mahali hapa, wakajenga na jumba la soko. Lakini vita ikaingia. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, mahali hapa pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, wale walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na vinywa vya watu vikalifanya Kariakoo. Baada ya vita yakajengwa makazi ya Waafrika, mitaa iliyonyoka kama mistari ya daftari: Mtaa wa Kongo, wa Nyamwezi, wa Swahili, wa Sikukuu, wa Mkunguni, wa Aggrey. Uhindini palikuwa upande wa mashariki, Uzunguni mbele yake, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Kariakoo na mji wa wengine.

Nyumba zilizojengwa humo ni zile zinazoitwa hata leo nyumba za Kiswahili. Mbele baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, nyuma ua, jiko na choo. Paa lake lilikuwa la makuti, baadaye madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kupigiliwa kama magamba ya samaki, kisha mabati. Nalo paa lilikuwa na miteremko minne, kila mteremko ukimwaga maji upande wake. Wa mbele ulimwaga barazani, wa nyuma uani, na ile miwili ya ubavuni ilimwaga katika vichochoro vilivyoachwa kati ya nyumba na nyumba. Kichochoro hakikuachwa kwa ajili ya kupita watoto na paka tu. Kilikuwa njia ya maji ya nyumba mbili, na majirani walikijua hivyo.

Leo nyumba hizo zimebaki chache sana. Zaidi zimevunjwa, na juu ya kiwanja kilichobeba vyumba sita pamesimama ghorofa sita, nane, au kumi, zenye maduka chini na stoo juu. Siwalaumu waliojenga, mji hukua, na biashara ya Kariakoo yalisha watu hata Kongo na Zambia. Lakini ghorofa nyingi zimejengwa mpaka kwenye mpaka wa kiwanja, pasipo kuacha hata dhiraa moja. Ile nyumba ya Kiswahili iliyobaki katikati hujikuta kama mtoto aliyeketi kati ya watu wazima wawili garini. Kichochoro hakipo tena. Mteremko wa ubavuni, uliokuwa ukimwaga maji chini, sasa waishia kwenye ukuta wa jirani.

Nyumba ya namna hii niliiona siku ya pili. Mwenyewe ni bibi mjane aliyekwisha kupita miaka themanini. Nikabisha hodi, nikasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ukae. Wewe si mnunuzi?"

Nikamwambia mimi si mnunuzi, ni mtu wa kutazama mapaa tu. Akacheka sana, akasema kwamba miaka hii hajapata mgeni wa namna hiyo. Wote wamjiao hutazama kiwanja.

Bibi huyu akaa chumba kimoja pamoja na wajukuu wawili, navyo vyumba vitano hupangisha. Kodi hiyo ndiyo chakula chao, na sare, na madaftari, na nauli. Lakini tangu masika iliyopita vyumba viwili vya mkono wa kulia havina mtu. Dari la kimoja lilianguka usiku, likiwa limelowa kama mkate uliotiwa katika chai. Mpangaji, kijana mwuza mitumba, alipoteza marobota mawili ya nguo, akahama kesho yake. Chumba cha pili kina ukuta wenye ukungu mweusi tangu juu hata usawa wa kitanda. Basi kodi ya vyumba vitano imekuwa kodi ya vitatu. "Wanunuzi wajua," akaniambia. "Kila mvua ikinyesha, siku ya pili huja mmoja kuuliza hali yangu. Nikiuza nitakwenda Chanika, na Chanika nitamjua nani?"

Tukatoka uani, nikapanda ngazi pamoja na fundi aliyekuwa ameitwa siku hiyo. Nilichokiona huko juu kilinifundisha kuliko kitabu. Mabati yenyewe hayakuwa mabaya. Yalikuwa na kutu hapa na pale, lakini matundu hayakuwa mengi. Uharibifu wote ulikuwa katika ule mstari mmoja, mahali mabati yanapokutana na ukuta wa ghorofa. Pale palikuwa na takataka zilizoshindiliwa kama godoro: nailoni za kufungia bidhaa, chupa za maji, vipande vya maboksi, manyoya ya njiwa, na udongo uliokwisha kuota majani. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku katika nchi yetu tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki ya kufungia mizigo haikuguswa na sheria ile, nayo hutupwa madirishani kana kwamba chini hakuna watu. Juu ya hayo, mashine za kupozea hewa za ghorofa zilikuwa zikidondosha maji mahali pale pale mchana kutwa, tone kwa tone, na chini ya kila mashine bati lilikuwa limeliwa likawa jekundu. Bati hulindwa na ngozi nyembamba ya madini ya zinki. Lowesha mahali pamoja kila siku pasipo kupakausha, na hewa ya chumvi ya bahari ikiwa karibu, ngozi ile haidumu.

Fundi akanieleza njia ya maji. Mvua ikishuka mteremkoni, maji hukimbia hata kwenye lile godoro la takataka, hapo husimama. Yakisimama hujaa. Yakijaa hupanda juu kwa kurudi nyuma, mpaka yafike mahali bati moja linapolala juu ya jingine. Sasa mabati yamelalishwa kwa maji yateremkayo, si kwa maji yapandayo. Bati la juu hulifunika la chini kwa kadiri ya sentimeta 15, na kwa maji yateremkayo hiyo yatosha kabisa. Lakini maji yaliyosimama huingia katika mlalo ule kwa upande wa chini, kama mtu aingiaye nyumbani kwa kupitia uvunguni. Paa lisilo na tundu hata moja huvuja vile vile. Ndiyo sababu mafundi watatu waliopita kabla yake walikuwa wamepaka lami juu ya kila msumari, wakapokea fedha zao, na Aprili ilipokuja dari likaanguka.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka jambo la nchi za mbali, nami nitatoka Kariakoo kidogo ili nilieleze, kisha nitarudi.

Ukishuka kutoka Mnazi Mmoja hata ufuoni, utaona makanisa mawili ya zamani za Wadachi: Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, na Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanzwa mwaka 1898, lenye vigae vyekundu. Waliochora majengo hayo walitoka katika nchi ya theluji, na namna za majengo ya kwao walikuja nazo. Huko Ulaya ya kaskazini, na Marekani, na Kanada, ambako siku hizi wako ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, adui wa paa si mvua kubwa, bali ni theluji na barafu. Sisi theluji twaijua kwa kuitazama kileleni Kilimanjaro. Wao hulala chini yake.

Jinsi iharibuvyo nyumba ni hivi. Theluji hulifunika paa kama pamba. Ndani ya nyumba watu wamewasha moto, na joto hupanda kwa kupitia dari, likalipasha paa kwa chini. Theluji iliyogusana na paa huyeyuka, maji yakateremka chini yake kimya kimya. Lakini upenu wa paa hutokeza nje ya ukuta, wala chini yake hakuna moto. Upenu ni baridi kama usiku wenyewe. Maji yafikapo pale huganda, na yanayofuata huganda juu yake, hata ukajengeka ukuta mdogo wa barafu ukingoni mwa paa. Nyuma ya ukuta huo maji husimama, hujaa, hurudi nyuma, huingia chini ya vigae, na dari la mtu wa Minneapolis huanguka kitandani mwake kama lilivyoanguka la mpangaji wa Kariakoo.

Wengine huko hupanda na shoka kuuvunja ukuta ule wa barafu, nao huvunja vigae pamoja nao. Wenye akili hushughulika na joto lililopotea. Kabla ya baridi huziba nyufa za dari, penye taa na mabomba. Huweka juu ya dari tabaka nene la kuzuia joto. Nao huacha hewa ya nje iingie upenuni na kutokea juu kwenye kilele, ili paa lote liwe baridi namna moja na theluji isiyeyuke mahali pasipopaswa. Hata theluji hupunguzwa ukingoni kwa reki yenye mpini mrefu, mtu akiwa amesimama chini. Hapo naona ndugu zetu wa Kanada na bibi yangu wa Kariakoo wana ugonjwa mmoja. Barafu yao ni takataka zetu, na upenu wao ni ukuta wa ghorofa yetu. Aangaliaye mahali panapodondoka peke yake hataiona sababu.

Basi turudi kwa fundi. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na tano, mkimya, mwenye suruali iliyochanika goti. Nikamwuliza kwa nini amekubali kazi mwezi wa Februari, na wenzake hungoja mvua, bei ipande. Akasema, "Mvua ikija, Mwalimu, sipandi. Bati lililolowa halina rafiki. Mvua ikija mimi nakaa chini natazama watu wakihamisha vitanda." Ni kweli, kila masika husikia mtu aliyeteleza, na aliyeanguka kutoka juu ya paa hawezi kurudishiwa mgongo wake kwa fedha. Yeye hukanyaga juu ya misumari tu, maana chini ya misumari ndiko kuliko na pau za kubeba uzito, wala hapandi pasipo mtu wa kushika ngazi.

Kazi yake ilikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza aliondoa uchafu wote, magunia saba, akaushusha kwa kamba badala ya kuusukuma uani. Kisha akakata ncha za mabati zilizoliwa, akaweka kandokando ya ukuta mfereji wa bati wenye upana wa kutosha kuingiza mkono wote, maana mfereji usioingia mkono hausafishiki. Akaulaza kwa kuuinamisha nusu sentimeta kwa kila meta, hata mwisho wa meta 15 ukawa chini kwa sentimeta saba na nusu. Alipima kwa mpira mwembamba uliojaa maji, si kwa jicho. Juu ya mfereji, akauchimba ukuta wa jirani mstari mwembamba, kwa ruhusa yake, akaingiza ndani yake bati la kukingia na kuziba kwa saruji, ili maji yateremkayo ukutani yaangukie mferejini badala ya kupita nyuma yake. Mafundi wengi huliegemeza bati hilo ukutani na kulipaka lami. Lami hupasuka kwa jua la Januari na kuachia.

Matundu ya kutokea maji aliweka mawili, moja mbele na moja nyuma. "Moja likiziba, la pili lamngoja mwenziwe," alisema. Juu ya kila tundu akaweka kikapu cha waya kilichochongoka kama kofia. Nami nikajifunza kitu hapo, maana siku zote nilidhani wavu uliolala bapa watosha. Wavu bapa huzibwa na jani moja la mwembe au karatasi moja. Kikapu kikizingirwa chini na uchafu, maji bado huingia kwa juu. Mwisho akatoboa pembeni mwa mfereji tundu la tatu, dogo, juu kidogo ya maji ya kawaida lakini chini ya ncha za mabati, lenye kipande cha bomba kitokezacho nje juu ya baraza. Hilo halitakiwi kutoa maji kamwe. Likitoa, na maji yakimwagika mbele ya mlango, Bibi atajua kwamba njia nyingine zimeziba, naye ana muda wa kumwita mtu kabla maji hayajafika darini.

Akamimina ndoo sita upande wa juu, tukasikiliza. Maji yalikwenda yote. Tukaingia ndani ya dari adhuhuri, taa imezimwa na swichi kuu imekatwa, tukakaa gizani. Ndipo tulipoona matundu halisi ya paa, kila moja kama nyota; yalikuwa tisa. Aliyeweka alama kwa chaki ni mjukuu wa Bibi, maana mwili wake ni mwepesi. Tena fundi alinionya nisiliamini doa la darini. Maji huingia hapa, hutembea juu ya ubao meta mbili au tatu, kisha hudondoka kule. Na fundi apigaye kiraka juu ya doa amekosa kwa meta hizo mbili au tatu. Nyaya za umeme nazo hupita mle darini, nalo ni neno la kuhofiwa kuliko godoro kulowa. Nyumba inayovuja karibu na taa, swichi kuu izimwe kwanza, maswali baadaye.

Nisidhaniwe kusema kwamba shida hii ni ya nyumba za zamani peke yake. Kutoka juu ya paa la Bibi niliona mapaa bapa ya zege ya ghorofa fupi za jirani, na katika mawili maji ya mvua ya Januari yalikuwa bado yamesimama, ya kijani, njiwa wakioga. Paa la meta 20 kwa 15, maji yakisimama kina cha sentimeta 10, hubeba tani 30 ambazo huenda hakuna aliyeziweka katika hesabu. Na maji hayo hupenya zege polepole hata yakafika kwenye nondo, nondo zikafanya kutu, zikavimba, zikalipasua zege. Katika maji kama hayo huzaa mbu wa homa ya dengue, maana mbu huyo hupenda maji yaliyotulia karibu na watu, naye huuma mchana. Mji huu ulipatwa na dengue mwaka 2014, na tena 2019. Watu walifagia nyua na kumwaga makopo, vema. Wachache walipanda juu.

Na huko pembezoni, Kivule, Goba, Mbezi, wenye kujenga nyumba mpya sasa wapenda mapaa ya kuficha, ambayo mafundi huyaita kontemporari: mabati hulazwa karibu bapa, yakazungushiwa ukuta mfupi, na mtu wa barabarani haoni paa. Sura yake ni nzuri, nakiri. Lakini mwenye nyumba huyo amejijengea mwenyewe ule ukuta ambao Bibi alijengewa na jirani. Mfereji uko ndani ya kuta, maji hayaoni upenu, na jani moja likiziba tundu, bwawa liko juu ya chumba cha kulala. Atakaye nyumba ya namna hiyo aitake pamoja na matundu mawili, na tundu la onyo, na ngazi ya kupandia, na siku mbili katika mwaka za kupanda: moja kabla ya masika, moja mwezi wa Septemba kabla ya vuli. Asiye tayari kwa hayo, upenu mrefu wa mababu wamfaa zaidi.

Kabla ya kuondoka nilipita sokoni. Jengo kubwa la Soko la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wachoraji majengo wa kwanza Waafrika katika nchi yetu, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa. Mwavuli mmoja mmoja hukusanya mvua katikati yake, badala ya kuitupa pembeni, na maji yakateremshwa hata kwenye matangi ya chini. Wasomaji wataona ujasiri wake. Watu wote hukimbiza maji ukingoni. Yeye aliyaita katikati, akijua kwamba sokoni pande zote nne pana watu, mizigo na vibanda, wala hapana upenu usio na mtu chini yake. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza jengo hilo vibaya, na baadaye Serikali ikalifanyia ukarabati na kujenga jingine kando yake. Miavuli ile yaonekana bado. Nilisimama upande wa Mtaa wa Mkunguni nikaitazama kwa muda, mchukuzi mmoja akanisukuma kwa kikapu, nikaondoka.

Maji ya mapaa mengi ya Kariakoo yaelekea bonde la Msimbazi na Jangwani. Desemba 2011 bonde hilo lilifurika, na watu zaidi ya arobaini walipoteza maisha katika mji huu. Kwa hiyo mfereji wa juu usiomwaga katika mtaro ulio wazi ni nusu ya kazi. Mtaro ulio mbele ya nyumba ya Bibi ulikuwa umefunikwa na meza ya mwuza soksi. Kijana mwenyewe, alipoambiwa, aliihamisha bila ugomvi, akasaidia na kuzoa mchanga.

Lililobaki lilikuwa la jirani wa ghorofa, maana mashine zake za kupozea hewa ziliendelea kudondosha. Bibi alikuwa amelipeleka neno hilo mara mbili kwa mjumbe wa mtaa, pasipo jibu. Safari hii fundi alikwenda mwenyewe kumwonyesha mwenye ghorofa jinsi maji yale yale yalivyoanza kuulowesha ukuta wa stoo yake ya chini, penye maboksi ya vitambaa. Alishuka kutazama, akagusa ukuta kwa kiganja, akaita watu wake siku ile ile. Wiki iliyofuata nilipopita, bomba la kukusanya matone lilikuwa limefungwa hata ghorofa ya tatu, zimebaki nne; na katika kile chumba cha kwanza Bibi alikuwa amefungua dirisha, ukuta upate kukauka kabla ya kupakwa chokaa.